Matanga Mbele ya Kifo

Mie Mama Dorothée, kahawa yangu naiuzia karibu na gare ya treni ya Kalemie. Wateja wa kila siku ni wazee watatu walioachishwa kazi. Félicien wanamuita Protokole, juu hakuna matanga anayokosa kupanga viti. Jérôme njo Docta, alikuwa mulinzi ku hopitali, na abakosti, koti yake ya kazi, bado anaivaa. Élisée ni Sheria, juu ya kubisha. Wa nne wao, Papa Adalbert, hopitali imemurudisha akafie kwake. Nyumba yake iko ng'ambo ya reli, mulango unaonekana. Tangu arudi, mabwana hawa wamegeuza benchi, wanaupa ule mulango mugongo. Mwezi muzima! Inaniudhi.

— Hema ya matanga nimeshaiomba parokiani, Protokole akasema. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

— Muntu anapumua, weye unamupangia hema? nikamuuliza.

— Mama, mimina kahawa.

— Mimi naogopa kumufikia, Docta akasema. Mugonjwa akiona watu wengi, moyo wake unaelewa, unaachia. Na utamwambia nini? Utapona? Uongo. Utakufa? Matusi.

— Hujui kitu, Sheria akadakia. Muntu akiwa anakufa, yule anayemuangalia mwisho njo anakwenda naye. Kwetu Zongwe mumoja aliangalia mbuzi. Mbuzi akafa!

— Si mulimuchinja kwa matanga? nikamuuliza.



— Haraka haraka haina baraka, Protokole akasema. Tutaenda ku matanga. Pale nitalala chini, nitamulilia mpaka sauti ikauke. Adalbert ni ndugu yangu.

Macho yakamujaa machozi, ya kweli. Anamupenda, najua. Njo maana nilitamani kumumwagia kahawa.

Hapo Virginie, binti ya Adalbert, akavuka reli akaja kwetu, macho mekundu.

— Papa anaendeleaje? Docta akauliza, bila kugeuka.

— Tangu jana analia.

— Maumivu?

— Hapana. Anawalilia ninyi. Anasema mulikufa na tunamuficha, vile watu wanamuficha mugonjwa habari ya kifo. Nimeapa kama muko wazima. Anasema, wangekuwa wazima wangekuja.

Protokole akaweka kikombe chini.

— Anataka kujua mulikufa siku gani, Virginie akasema. Nimujibu nini?