Jani la Isale Lililonipita

Bwana na asifiwe tena asubuhi hii, ndugu zangu. Mimi ni mkunga wenu wa huku juu, nami nimesimama kueleza jinsi Bwana alivyonitoa katika uchovu uliokaribia kunihamisha mlimani.

Wengi mnadhani ukunga unachosha mikono. Ndugu zangu, unachosha masikio kwanza. Nikipalilia migomba, nasikiliza njia, kama yupo anayekuja kuniita. Nikipika, nasikiliza njia. Hata humu kanisani mahubiri mengi sikuyajua mwisho wake, niliitwa katikati. Kahawa yangu iliiva ikapukutika chini. Mwanangu Elia alizoea mgongo wa bibi yake, nikimpokea analia.

Tulifundishwa wawili katika zahanati ya misheni, mimi na Ruthi. Ruthi akaacha, watu wakamwita mvivu. Njia zake zote zikawa zangu.

Kila siku nilimwambia Mungu kwamba siwezi tena. Ninyi mliponiuliza, "Mama Elia, hujambo?" nilijibu sijambo. Mwishowe nikapata kazi ya kushona vifungo kwa fundi Mhindi, Arusha mjini. Nikafunga nguo zangu, na Jumapili baada ya ibada nikasimama kuaga.

Mama mmoja mwenye mimba kubwa akasema, "Wa mjini unakwenda kuwafunga vifungo. Sisi huku nani atatufungua?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Ndipo nikamwona mama mkwe wangu akija mbele na jani la isale. Wageni nawaeleza: kwetu, mtu akiliweka jani hilo mbele yako, ombi lake halikataliwi. Nilijua ataniomba nibaki, nami nitabaki mpaka nife. Nikasema moyoni, "Bwana, asinifikie."

Akanipita. Akaliweka jani sakafuni, mbele ya kina mama.

"Yeye simwombi kitu," alisema. "Nawaomba ninyi. Mke wa mwanangu apumzike. Anayekuja kumwita aache mtu wa kumlimia shamba. Na ziwepo siku ambazo haitwi kabisa."

Ikaja sauti ya Ruthi kutoka nyuma: "Kama zipo siku za kutoitwa, mimi narudi. Sikuikimbia kazi, mama zangu. Nilikimbia kukosa zamu."

Ndugu zangu, sikwenda mjini. Sasa tunapokezana, wiki yangu na wiki ya Ruthi, na anayekuja kuita huja na ndugu yake mwenye jembe. Yule mama alijifungua salama mikononi mwa Ruthi, mimi nikiwa nyumbani nimempakata Elia.

Sitawadanganya, kutulia bado najifunza. Katika wiki ya Ruthi, mtu akipita njiani kwa haraka, nimeshasimama. Mama mkwe hunivuta kanga: "Kaa, mwanangu. Leo hawakutaki." Nami nakaa, moyo ukidunda.

Wewe mkunga unayewaza kuondoka, nawe uliyebeba mzigo wowote wa watu, mtumaini Bwana. Anasikia. Lakini usimwambie yeye peke yake kwamba umechoka, huku ukiwaambia jirani zako hujambo. Mimi nilikuwa nangoja jibu kutoka mbinguni, kumbe alikuwa ameshaliweka jikoni kwangu, kwa mama mkwe. Namshukuru Mungu kwa ajili yake. Leo mkiniuliza hali yangu, nitawajibu kweli.