Afande Makokha na Heroe wa Walukuba

Viongozi wa dini, maafande, majirani na jamaa: mimi ni Nangila, dada mdogo wa marehemu. Nimeombwa nisome bila kulia. Kulia nitajizuia, kucheka siahidi.

Mzee Cliff Makokha alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, hapa hapa Busiu, kwa Mzee Wanzala na Mama Namukose.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, kisha sekondari mjini Mbale. Mama alimtuma kufukuza ndege kwenye mtama, naye akawaacha wale ili awaone vizuri. Mwaka ule tulikula mihogo.

Mwaka 1981 alijiunga na Magereza, akapangiwa Jinja, akakaa mtaa wa Walukuba, karibu na ziwa. Kila asubuhi askari wawili waliwahesabu wafungwa, na hesabu zao zikilingana husema, "Hesabu imetimia, afande." Jioni alishuka ziwani kuhesabu ndege kwa sheria hiyohiyo: ndege aliyeonwa na mtu mmoja haandikwi daftarini. Siku alipomkuta kunguru wa India, yule mgeni mwenye shingo ya kijivu, juu ya lori pale Industrial, mtaa wa viwanda mjini Mbale, alimwamsha dereva Mkenya atoe ushahidi. Dereva akafikicha macho: "Huyo ni wetu wa Mombasa, afande. Amepanda bure." Kunguru akaandikwa.

Tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa na wifi yangu Nabalayo. Ndoa ilikuwa tamu, ila ilikuwa na mwiba mmoja. Mwaka 2010 wifi alikwenda ziwani kununua mukene, wale dagaa wetu, akarudi mbio mikono mitupu: ameona heroe, yule ndege wa rangi ya waridi mwenye miguu kama fito! Kaka akakimbia, asikute kitu. "Mama Gorreti," akasema, "heroe hafiki huku. Umeona korongo." Lo! Wifi alinuna wiki nzima. Tangu hapo kila Krismasi alitwambia, "Mume wangu anamwamini dereva asiyemjua, mimi hapana." Tulicheka, lakini mwenzetu ilimuuma kweli.

Alistaafu mwaka 2012, akarudi Busiu kulima mahindi. Mwaka 2023 figo zikaanza kumsumbua. Mwezi uliopita, Aprili, yeye na wifi walikuwa wakitoka hospitali Mbale, na mvua imefurisha mashamba ya mpunga kando ya barabara. Kaka, ambaye hata kikombe kilimshinda kushika, akapaza sauti: "Simama!" Mwanawe Trevor akakanyaga breki. Katikati ya maji, heroe, peke yake, kama bwana harusi aliyekosea kanisa.

Kaka alimtazama mpaka machozi yakamtoka. "Mama Gorreti, nisamehe. Kama amefika hapa, Jinja alifika. Wewe ulimwona."

"Shahidi wa pili," wifi akajibu, "umechelewa miaka kumi na tano!" Wakacheka wote wawili, hadi akina mama waliokuwa mpungani wakasimama kuwashangaa. Siku hiyohiyo heroe wa Walukuba aliandikwa, jina la Nabalayo likitangulia.

Alifariki nyumbani tarehe 9 Mei 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe, ambaye hakuwa amemnunia tena hata siku moja.

Ameacha mjane Nabalayo; watoto Gorreti, Trevor na Shallon; wajukuu saba; na mimi dada yake.

Pumzika kwa amani, kaka. Hesabu imetimia, afande.