Kura ya Delphine, Leseni ya Royce

Ilikuwa siku ya kura. Basi la mjini lilipopita chuo, mzee wa kiti cha mbele yangu, mwenye shati lililoshonwa jina Royce, alimtazama binti wa pembeni yake, aliyeshika kitambulisho. "Hicho kitambulisho cha chuo hawakipokei kituo cha kura, binti. Hii Texas."

"Kina picha yangu, babu. Angalia: Delphine."

"Leseni yangu ya bastola nayo ina picha, na wanaipokea." Aliitoa. Kwenye picha alikuwa bado na nywele.

"Ya gari ninayo, lakini ni ya jimbo la Louisiana, hawaitaki. Lakini mafuriko yalinikuta hapa, nikabeba magunia ya mchanga. Wewe ulikuwa wapi?"

"Kwa mwanangu, jimbo la Oklahoma."

Nilicheka, nikajifanya nakohoa.

"Sheria sikuitunga mimi," alisema Royce. "Kapige kwenu."

"Kwetu ni hapa. Nitapiga kura ya muda, ile wanayoiweka kando mpaka ulete kitambulisho, kisha niwapelekee pasipoti. Mama ameshaituma."

"Ikichelewa, kura yako wanaitupa."

"Haitachelewa."

Basi lilisimama mbele ya maktaba, penye kituo cha kura. Foleni ilifika barabarani. Royce alishuka, akampisha Delphine atangulie.

"Usinishukuru. Nataka kuona wakikurudisha."

"Basi vaa miwani, babu," alisema Delphine, akashika nafasi.