Sista Ghati na Kalenda ya Ukutani

Tarehe 30 Juni 2015, Sista Ghati anakabidhi ufunguo wa chumba cha uzazi wa mpango baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi: kumi na mmoja Kibondo, iliyobaki hapa kituoni kwetu Kasulu. Alitoka Tarime akiwa muuguzi kijana, na sauti yake hakuipunguza hata kidogo. Akimnong'oneza mteja jambo la siri, stendi wanasikia. Amezalisha kina mama wengi kiasi kwamba hanunui ndizi sokoni bila kuongezewa.

Lakini sisi tutamkumbuka zaidi kwa kalenda. Mwanamke akija kuchukua vidonge vya majira, Sista hampi mpaka afunike jicho moja kwa kiganja, asome tarehe za kalenda ya ukutani, kisha arudie kwa jicho la pili. Halafu maswali: kama anaona vimulimuli, kama kichwa humuuma upande mmoja, kama kuna ukungu. Dawa zenye homoni, husema, wengi huzimeza bila shida. Wachache huwagusa macho, na hao wachache hawana alama usoni.

Foleni ilifika getini. Mwaka 2012 mimi, Castory wa dirisha la dawa, nilimwandikia barua ya malalamiko, nakala kwa mganga mfawidhi. Miwani yake mwenyewe hapendi kuivaa, kwa hiyo aliishika barua mbali, akashindwa, akaniomba nimsomee. Nilisoma malalamiko yangu yote mbele yake, pamoja na cheo changu. Akanishukuru, akamwita mteja anayefuata.

Machi 2013 aliyeingia alikuwa Theodosia, mke wangu, mwalimu wa darasa la tano. Alipofunika jicho la kulia, kalenda nzima ikawa ukungu. Hakuwa anajua, maana jicho zima lilikuwa likilifichia lile bovu. Sista alimwachisha vidonge hapo hapo, akafunga chumba, wakapanda bodaboda hadi hospitali ya Kabanga. Daktari alikuta mshipa wa damu nyuma ya jicho umeziba. Alisema huenda ni vidonge, na kwamba angekawia zaidi jicho lingeweza kupotea.

Vidonge hivyo nilivitoa stoo kwa mkono wangu, na kila jioni nilimwona akimeza. Sikuwahi kumuuliza lolote kuhusu macho. Miezi ile ya matibabu niliogopa sana, na niliona aibu. Sista hakunisema. Alikuja nyumbani kila Jumamosi kumpima mgonjwa wake, na hakuondoka kabla sufuria halijaisha.

Jicho limerudi, si lote, ila linatosha kusahihisha madaftari. Limesahihisha hata ukurasa huu, mahali pawili.

Asante, Sista, na ustaafu wako uwe wa heri na afya. Theodosia ameomba amalizie yeye: nenda salama, nitakuwepo stendi nikikutazama unavyopanda basi, kwa macho yangu yote mawili.