Mama Ananipokea kama Mgeni

Wanakikundi wenzangu, walio wa asalaam aleikum nawasalimu, na walio wa Bwana asifiwe nawasalimu pia. Mnanijua kwa kutengeneza pikipiki na kwa domo. Leo domo lenyewe linasitasita, nivumilieni.

Mama yangu ni Mmwera wa Narung'ombe. Alipoanza kusahau, tulicheka. Halafu akawa anatoka alfajiri kwenda kupalilia shamba tuliloliacha zamani. Siku moja akakutwa njia ya Chunyu, peku, hajui anakotoka. Daktari akasema huo ni ugonjwa na hauponi. Mimi na mke wangu tunashinda kazini, nikamleta makao ya wazee hapa Nachingwea. Kijijini wakasema nimemtupa. Iliniuma sana.

Nilikwenda kila Jumapili. Na kila nikifika, hata sijakaa, namuuliza, "Mama, mimi nani?" Anamtaja marehemu kaka yake. Namsahihisha, nauliza tena, kama mwalimu wa chekechea. Siku moja akalia: "Huyu bwana mbona ananisumbua?"

Ndugu zangu, nawaambia, niliondoka na hasira. Kama hanijui, namfuata nani? Miezi minne sikukanyaga pale. Wakinipigia simu kutoka kijijini nawajibu, "Hajambo, anawasalimu." Ndiyo, nilidanganya. Msinitazame hivyo.

Basi mjomba, mdogo wake mama, akaja kutoka kijijini bila taarifa. "Nipeleke kwa dada." Mnajua wenyewe, kwetu mjomba habishiwi. Tulipofika, mlezi mpya, dada wa Kingoni kutoka Songea, akaniuliza, "Karibuni. Ninyi ni nani wake?" Mjomba akanigeukia. Nilitamani ardhi inimeze.

Yule dada akatangulia ndani. "Mtumwa wangu, una wageni!"

Mama akadakia, "Mtumwa wewe, Mngoni mwizi wa mbuzi! Umewapekua mifuko?"

Wakacheka wote wawili. Mwaka mzima sikuwa nimemsikia mama akicheka. Jina langu lilimtoka, lakini kwamba Mngoni ni mtani wake, hilo analo. Mlezi akaninong'oneza, "Kaka, usimpe mtihani. Ingia kama mgeni."

Nikaketi. "Shikamoo, mama. Nimekuja kukusalimia."

"Marahaba. Umekula?" Akanisogezea uji wake. Halafu akasema, "Nina kijana wangu mjini hapa. Siku nyingi hajaja. Lakini msimseme vibaya, ana kazi nyingi."

Nililia mbele ya mjomba, mtu mzima mimi. Na mama ndiye aliyenibembeleza: "Nyamaza, baba, yataisha." Tulipotoka nikamweleza mjomba uongo wangu wote. Akaniuliza tu, "Jumapili ijayo unakwenda?" Nikasema nakwenda.

Namshukuru mjomba kwa kutonifokea, na dada yule Mngoni, ingawa kwa utani sitakiwi kumsifu. Nawashukuru akina mama wa kikundi hiki mnaopita kumsuka nywele. Mwenye mzazi wa namna hii, nakuomba, usiende kudai akutambue. Nenda ukale naye uji.

Jumapili iliyopita aliniuliza, "Kijana, mama yako yu hai?"

"Yu hai."

"Huwa unakwenda kumwona?"

Nikamjibu, "Nakwenda, mama." Na safari hii, ndugu zangu, sikudanganya. Asanteni kwa kunisikiliza.