Nei Kaitinano na Kome Wasiochemshwa

Nei Kaitinano Tebwea, tunayemzika leo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 hapa hapa Tarawa Kusini, kifungua mimba wa marehemu Tebwea na mama yetu Nei Aribo. Mimi ninayesoma ni mdogo wake, Ruteta. Nimeombwa nisome kwa upole. Nitajaribu.

Shule ya msingi alisomea hapa kijijini. Akiwa darasa la nne alijaza maji ya wangwa, bahari yetu ya ndani, kwenye kifuu, akakificha nyuma ya mikeka mpaka kikaota utelezi. Mama alipokifuma alifoka, "Wee mtoto, wenzio wanafuga nguruwe, wewe unafuga utelezi?" Aliendelea kuufuga. Mwaka 2002 alihitimu chuo kikuu huko Suva, akiwa amesomea bakteria wa majini: wanachokula, wanavyong'ang'ania jiwe na ganda, wanavyolala maji yakiwachachia na kuamka yakiwakubali.

Mwaka 2006 aliolewa na Bauro Tekaai, fundi wa injini za mashua. Bauro alizoea kukuta chupa za maji ya wangwa kwenye friji, na moja aliwahi kuipiga funda kubwa. Tulimcheka mwaka mzima.

Kazi yake ilikuwa maabara ya maji, tangu 2003 hadi mauti. Tangu barabara ya tuta izibe mlango wa wangwa, maji yetu hayatoki, na vyoo vyetu vinaishia humo humo. Dada hakukataza mtu kula kome. Alisema chemsheni, basi. Desemba iliyopita sahani zake za maabara, anamooteshea bakteria, hazikuotesha kitu, na Mzee Tiaon, mwenyekiti wetu wa kijiji, alimsimamisha katikati ya maneaba, ukumbi huu wetu wa mikutano.

"Kaitinano, hata sahani zako zimekukana! Bakteria wako wamekufa."

"Hawajafa, mzee. Wamelala na njaa, ndiyo maana hawaoti. Wewe ukilala, huwa tunakuzika?"

Watu walimcheka dada, kisha wakamfuata mwenyekiti. Kome wakarudi kuliwa wabichi.

Tarehe 6 Februari 2024 alishuka wangwani kuchota maji mengine ili awaonyeshe. Ganda likamkata unyayo. Jioni mguu ulikuwa umevimba hadi gotini, na bakteria wale wale waliosemwa wamekufa walikuwa wameshaingia damuni. Alifariki hospitalini tarehe 8, alfajiri. Tangu jana naambiwa ni mapenzi ya Mungu. Msimsingizie Mungu. Alishuka kule kwa sababu mlimcheka, na mimi nina hasira na kila aliyecheka.

Ameacha mume, binti yake Tiroia, mwanawe Kabure, mama yetu Nei Aribo, na mimi.

Haya ya mwisho hayamo kwenye karatasi mlizoshika. Pale kwenye nguzo ya mashariki kuna beseni la kome, wabichi, lililoletwa asubuhi na nyumba ya Mzee Tiaon kwa heshima ya marehemu. Nimelelewa kwenye maneaba hii, najua kwamba anayerudisha chakula kilichowekwa hapa anaaibisha ukoo wake. Mzee Tiaon, nakirudisha; tutakipokea kikishachemshwa. Tiroia, mwanangu, washa moto, bandika sufuria.

Dada yangu, pumzika, umechoka. Ila dua ya chakula haitasomwa leo mpaka nione maji ya sufuria ile yakitokota.