Tundu Asilolichora Bi Ncha

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliofika, familia inawashukuru. Wengine mmekaa juani na wengine mmesimama, poleni. Wasifu huu umekubaliwa nyumbani, na mtoto wa kaka wa marehemu ndiye aliyepewa kuusoma. Ni mrefu kidogo, mtatuvumilia. Habari za marehemu zimesemwa sana huko nje, na wengi waliozisema hawakuzijua.

Marehemu, ambaye karibu nyote mlimwita Bi Ncha, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya tanuru la matofali, mtoto wa kwanza kati ya watatu. Baba yake alichoma matofali, mama yake alishona magunia. Tangu mdogo alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hakuweza kuvumilia kitu kisichokaa sawa. Kigoda kikiyumba, anainuka, anakata kipande cha boksi, anachomeka chini ya mguu, anakaa, haridhiki, anainuka tena. Chakula kinapoa, wenzake wanamaliza. Baba yake alikuwa akisema, "Huyu akifika peponi, kabla ya kusalimia atauliza nani kalipachika geti upande."

Alisoma shule ya msingi mtaani kwao, akafaulu kwenda sekondari, na mwaka 1979 akaingia chuo cha ufundi kusomea uchoraji wa mashine. Darasani alikuwa msichana peke yake. Siku moja mwalimu aliinua mchoro wake juu, akautazama, akamtazama na yeye.

"Mchoro mzuri huu, binti. Nani kakuchorea?"

"Yule yule aliyekuchorea wewe cheti, mwalimu."

Darasa zima lilikufa kwa kicheko. Adhabu yake ikawa kufagia karakana ya chuo muhula mzima. Alifagia, hakunung'unika, maana mfagiaji ndiye anayeachiwa ufunguo. Alikuwa akimaliza kufagia anawasha mashine moja moja na kujifunza hata zile ambazo zamu yake ya kuzigusa ilikuwa bado. Kwa hiyo mkisikia mtu anasema Bi Ncha alikuwa mpole, huyo anamsifu mtu mwingine. Shangazi hakuwa mpole. Alikuwa mkweli, na ulimi alikuwa nao.

Mwaka 1983 aliajiriwa kwenye karakana ya kutengeneza mizani, chumba cha michoro, dirisha la pili kutoka mlangoni. Huko alikabidhiwa kisu. Tueleze kidogo, kwa sababu kesi yote iko hapa. Kisu cha mizani si cha kukatia. Ni kipande cha chuma kigumu, kifupi kama kidole, chenye ukingo uliochongwa kwa pembe. Mkono wote wa mizani na mzigo wake unaegama juu ya ule ukingo, na ukingo unakaa kwenye kikalio cha chuma kigumu zaidi. Ukikinoa mno, kinamomonyoka. Ukikiacha butu, mizani inazubaa, unaweka kilo nzima yenyewe inawaza. Marehemu alichora visu hivyo, akavichonga vya mfano kwa mkono wake mwenyewe, akawa anavitazama kwa kioo cha kukuzia mpaka wenzake wakachoka. "Ncha bado," anasema. "Ncha bado." Ndipo jina likaanzia hapo.

Mwaka 1986 alifunga ndoa na fundi cherehani wa mtaa wa pili, ambaye leo ndiye mjane wetu. Walikutana kwa ugomvi. Bi Ncha alimpelekea suruali ya kazi aipunguze, kisha akairudisha: mguu mmoja mrefu. Fundi akarekebisha. Akairudisha tena. Mara ya tatu fundi akaweka mkasi chini, akasema, "Dada, suruali iko sawa. Miguu yako ndiyo haiko sawa." Bi Ncha akaondoka amenuna, akafika nyumbani, akajipima. Kweli, mguu wa kushoto ulikuwa mfupi kidogo. Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwa fundi kabla hajafungua. "Ulikuwa sahihi," akamwambia. Alisema baadaye kwamba wanaume wengi walishawahi kumsahihisha, lakini huyo alikuwa wa kwanza ambaye kweli alikuwa amepima. Mungu aliwajalia binti wawili na mvulana mmoja.

Sasa tufike penyewe.

Mwaka 1994 marehemu alichora kisu na kikalio kipya kwa ajili ya mizani kubwa za maghala ya mazao, zile za jukwaa, unazopandishia gunia zima. Ghala lina vumbi, na vumbi ndilo adui wa kisu. Kwa hiyo alikiwekea kifuniko cha chuma kilichoziba pande zote. Hakikuwa na tundu hata moja, kwa sababu kisu hakitiwi mafuta. Hapo watu wengi huwa wanashangaa. Kila chuma tunachokijua kinapenda mafuta: baiskeli, bawaba, kinu cha kusaga. Lakini kisu hakizunguki wala hakisuguani, kinaegama tu. Ukikitia mafuta, mafuta yanashika vumbi, vumbi linakuwa tope, na tope likikauka mkono wa mizani unasimama popote unapoachwa. Na ghalani anayeuacha ni karani wa mnunuzi. Mkulima hapewi kugusa.

Karakana ina desturi yake. Aliyebuni kipande anagongewa alama yake juu ya kifuniko, ili kikiharibika ajulikane wa kuulizwa. Alama ya Bi Ncha ilikuwa pembe tatu yenye nukta katikati. Aliigonga mwenyewe kwenye kile cha kwanza, akaenda nacho nyumbani kumwonyesha mumewe, akakiweka mezani katikati ya vikombe vya chai. Mumewe anasema hajawahi kumwona anatabasamu kwa muda mrefu vile bila kumtania mtu.

Wauzaji wakazunguka na mizani mpya, wakarudi na swali moja. Wateja wanauliza, tundu la mafuta liko wapi? Mashine gani haina pa kutia mafuta? Mwenye karakana akamwita.

"Bi Ncha, toboa tundu."

"Bosi, ukitoboa umeiua."

"Mteja anataka."

"Mteja akitaka gari lenye magurudumu ya mraba utampa?"

"Akilipa, nitampa na la akiba. Toboa tundu, mama, tufanye biashara."

Alikataa. Mchoro wenye tundu ukachorwa na mwingine. Marehemu alipoona vifuniko vinatoka vimetobolewa na juu yake ipo pembe tatu yenye nukta katikati, alikwenda ofisini bila kubisha hodi, akasema maneno ambayo watu wa chumba cha michoro wanayakumbuka mpaka leo: "Toa tundu, au toa alama yangu. Moja kati ya hayo."

Jibu alilopewa ni kwamba alama yake inauza.

Jamani, hebu fikirini. Walitupa ushauri wake, jina lake wakabaki nalo.

Kilichofuata mnakijua, kwa sababu baadhi yenu kiliwapata. Makarani na vibarua wa maghala, wengine kwa nia njema kabisa, walitia mafuta kila wiki, wakawa wanaitunza mashine. Kadiri walivyoitunza ndivyo ilivyokufa. Mtu anapandisha gunia alilolijaza mwenyewe, analijua uzito wake kwa mgongo wake, mizani inamwambia pungufu. Anainama kutazama kifuniko, anaona pembe tatu. Anauliza, hii alama ya nani? Anaambiwa, ya yule mwanamke anayeitwa Bi Ncha.

Basi akawa mwizi. Sokoni muuza mboga alimfunikia ndoo: "Kanunue kwa mizani yako." Kuna waliombatiza Bi Ncha ya Wizi, na wapo hapa leo wameinamisha vichwa, hatuwataji. Binti yake mkubwa alirudi kutoka shule ameficha uso kwa mkoba, kwa sababu watoto walikuwa wakimwimbia eti mama yenu anakula magunia. Siku hiyo mumewe alimwambia, "Achana nao, watachoka." Akamjibu, "Kifua ni changu, miguu ni yangu, hata ule mfupi. Lakini jina nimelikuta kwa wazazi na nitawaachia watoto. Sina ruhusa ya kuachana nalo."

Alichukua likizo yake, akachukua kitambaa, bisibisi na chupa ya mafuta ya taa, akaenda ghala la kwanza siku ya kupokea mazao, foleni imejaa. Mkuu wa ghala akamzuia.

"Mama, umetumwa na nani?"

"Na hii alama. Ni yangu. Nimekuja kuulizwa."

Mkulima mmoja mzee aliyekuwa mbele ya foleni akasema, "Mwache, na gunia langu ndilo litasema." Lilikuwa limeshapimwa, kipimo kimeshatajwa. Marehemu akafungua kifuniko, akatoa kisu, akakisafisha tope jeusi hadi kikawa kikavu, akasafisha na kikalio, akarudisha. Akamwambia mzee apandishe gunia lile lile. Mkono ukainuka, ukacheza, ukatulia mahali pengine kabisa. Foleni nzima ililipuka. Mzee hakumshukuru. Alimtazama, akamwambia, "Kumbe ulikuwa unajua. Mbona ulichelewa, mwanangu?" Neno hilo lilimkaa. Hakulikasirikia. Alisema mzee alikuwa na haki, na mwenye kulijibu alikuwa amekaa ofisini.

Akaenda ghala la pili, na la tatu. Mwaka 1998 mwenye karakana alimfukuza kazi kwa kosa la kuharibu mali ya wateja. Aliambiwa getini, mbele ya mlinzi, hata chumba cha michoro hakuruhusiwa kuingia kuchukua kioo chake.

Toka hapo alifanya kazi kwenye baraza la nyumbani, kando ya cherehani ya mumewe. Alitengeneza mizani za maduka, na kila alipoletewa ya ghala, kabla ya yote alikuwa anaziba lile tundu kwa risasi iliyoyeyushwa, anapiga tupa mpaka panakuwa laini, ndipo anaanza kazi aliyoitiwa. Hakumdai mtu kwa kuziba. Mwenye mizani akilalamika, "Sasa mafuta nitatia wapi?" alimjibu, "Kichwani, chawa watakutoka." Wateja walimkasirikia na wakarudi.

Mwaka 2020 alianza kukohoa. Hospitali ilieleza ni mapafu, vumbi la jiwe la kunolea, la miaka mingi. Mwaka jana hakuweza tena kuvuta tupa. Alikaa barazani na shuka mabegani, akielekeza kwa kidole, akigombeza kwa pumzi iliyobaki. Tarehe 29 Mei mwaka huu alilazwa. Mumewe alimwambia apumzike, kazi zimekwisha. Akamuuliza, "Nani kasema zimekwisha? Maghala yote?" Mumewe, kwa kuwa si mtu wa kumdanganya, akamshika mkono tu. Marehemu alifariki tarehe 2 Juni 2023, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Juzi mwenye karakana alifika nyumbani na shada la maua. Aliomba apewe dakika chache kwenye ratiba, amsifu mfanyakazi wake wa zamani, mbunifu wa mizani iliyouzwa kuliko zote. Mjane akamkaribisha kiti, akamwambia, "Sawa. Utasema na habari za tundu?"

"Mzee mwenzangu, leo si siku ya hayo. Marehemu hagombani na mtu."

"Hagombani. Ndiyo maana ukangoja afe."

"Mimi nimekuja kwa heshima."

"Basi sema tundu lilikuwa lako. Hivyo tu. Sema mbele ya watu, hata kama ni kwa sauti ndogo, nitakupa dakika zangu zote."

Hakukubali. Kwa hiyo jina lake hamlioni kwenye ratiba, na shada lake liko pale ukutani, hatukulitupa. Mwenyewe yupo nasi, safu ya tatu. Karibu, mzee. Kiti ni chako, msiba ni wa wote. Lakini kusema, umeshasemewa.

Familia inaomba jambo moja kwenu wakulima na watu wa maghala, kisha tumzike. Pembe tatu mtakayoikuta kwenye kile kifuniko ni yake, na mnaweza kuiamini. Tundu lililo pembeni yake si lake. Hakulichora, hakulitoboa, alilikataa hadi likamtoa kazini. Mtu akimwita mwizi mbele yenu, kuanzia leo hamna kisingizio cha kunyamaza.

Marehemu ameacha mume, binti wawili, mtoto mmoja wa kiume, wakwe, wajukuu watano, kaka yake mdogo, mdogo wake wa kike, na sisi watoto wa ndugu zake, ambao alitusema kila siku na hakutuficha neno.

Lala, shangazi. Umechoka kwa haki. Ugomvi umebaki kwetu, na hatutaupunguza hata nusu gramu.